Mchuzi wa Uulo

Karibu, Gelajo. Vua viatu; mchanga haujapoa
lakini mkeka una kivuli cha kututosha wawili.
Mkoba usiufungue kwanza.
Maziwa sina. Kibuyu kile pale
kimekauka hata kimepasuka mdomo.
Nina hiki chunguni, nacho kinaiva.

Unakumbuka ulivyokuja msimu wa mikataba?
Ulichora mstari mchangani kwa fimbo ya marehemu mume wangu,
ukasema: huko juu kuna jicho, halilali, halihongeki,
linapima kijani cha Ferlo kila baada ya siku kumi.
Kijani kikishuka chini ya mstari huu
simu ya Takko italia kabla ng'ombe wa Takko hajalia.
Hatusubiri mizoga, ulisema. Hatuhesabu ngozi.
Hapo ndipo uliponipata.
Maana ukame uliopita walikuja kuhesabu ngozi,
na ngozi hailishwi pumba.

Nikauza kondoo dume niliyekuwa nikimnenepesha kwa Idi ya kuchinja.
Watoto wakanuna. Nikawaambia:
tumenunua mvua ya akiba.

Ilinyesha wiki moja.
Nyasi zikachungulia, zikaliona jua, zikarudi zilikotoka.
Lakini uulo! Uulo hauna haya.
Ulijaa kutoka kisima cha mashine hadi makaburini,
kijani kibichi, kijani cha bendera,
majani yanayonuka ukiyagusa tu,
na Oole akaunusa, kisha akanitazama
kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

Huko juu jicho likaona kijani.
Likaandika: malisho yapo.

Simu ililia kwa Penda, ng'ambo ya barabara ya lami,
maana upande wake hata uulo uligoma kuota.
Akanunua magunia tisa ya mashudu.
Yangu ililia mara moja: kampuni ya simu
ikinipongeza kwa siku ya kuzaliwa
nisiyoijua mimi wala mama yangu.

Nikamuuza Oole ili Wune ale.
Sokoni walimpima kwa macho,
wakanipa bei ya mbuzi, tena wa kuchechemea.
Nilimshika mkia hadi kwenye lori.
Basi.

Kula, Gelajo. Chumvi ndiyo hiyo hiyo.
Nimechemsha mara tatu, maji nikamwaga mara tatu;
ndivyo tulivyolishwa tukiwa wadogo
mwaka ambao wazee hawautaji jina.
Unatafuna polepole. Unauliza mboga gani hii.
Ndiyo ile, mwanangu.
Ndicho kile kijani mlichokiona.
Ng'ombe hakitaki. Sisi
hatukujaliwa pua ya ng'ombe.

Sasa fungua mkoba. Andika.
Andika kwamba si kila kijani ni majani,
na si kila majani ni malisho.
Waambie wanaolitunza lile jicho
washuke siku moja, waje na ulimi.

Unasemaje? Mama yako naye, kule Barkeji?
Naye hakulipwa?
Sikujua hilo.
Lete bakuli, nikuongeze.

Na mwaka kesho... usinitazame hivyo.
Sikusema sitalipa.
Mwenye ng'ombe mmoja ana hofu kuliko mwenye mia,
na hofu nayo inatafuta pa kuegemea.
Kondoo dume sina tena. Yuko mbuzi jike, ana mimba.
Akizaa pacha, mmoja wenu:
nusu ya bima kwa nusu ya jicho.

Ukiondoka, chukua fungu hili la uulo mbichi,
lifunge humo humo ndani ya mikataba.
Litavunda kabla hujafika Linguère, najua.
Ndivyo nitakavyo.
Walazimike kufungua dirisha.